Mkwe Nyuma ya Ukuta

Kila mwaka, Jumamosi ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, mke wangu na mimi huwapikia walimu wa shule yetu ya watoto wadogo. Si karamu. Ni bukari, ugali wetu wa mahindi, samaki mkavu wa Kinkondja aliyelowekwa tangu asubuhi, na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa vizuri. Walimu ni wawili. Siku hiyo wanakaa, wanakula, na hakuna anayewaruhusu kunyanyua sahani. Mke wangu anasema wanawake hawa watafuta makamasi ya watoto wa watu mwaka mzima, basi angalau mara moja wakae na mtu awahudumie wao.

Shule yenyewe iko katika lupango yetu, yaani kiwanja chetu, kando ya msikiti mdogo tulioachiwa na baba yangu, mfanyabiashara wa vitambaa na chumvi ambaye wazee wake walitoka Maniema. Katika chumba kikubwa nilifundisha Kurani kwa sehemu kubwa ya maisha yangu. Sauti ilipoanza kunipungukia nilibaki na wanafunzi wachache wa jioni, na asubuhi chumba kikawa hakina mtu. Wazazi wa mtaa, Wakatoliki na Waislamu, wakaja kuniomba kiwe cha maternele, darasa la watoto wadogo. Nilimshukuru Mungu. Chumba kilichozoea sauti za watoto kilikuwa kimekaa kimya muda mrefu, na mimi nilikuwa nimeanza kuuogopa ukimya ule.

Tuna desturi moja pale ambayo wageni huishangaa. Katika juma la kwanza, mtu ambaye mtoto hulala ubavuni mwake nyumbani ndiye anayekuja naye na kuketi naye mkekani. Awe mama, dada au shangazi, lazima awe ni yule ambaye mtoto akishtuka usingizini humshika. Siku ya kwanza anakaa asubuhi nzima. Halafu anasogea karibu na mlango, halafu nje, halafu mtoto mwenyewe anamsahau kidogo kidogo. Watu wengine wanasema tunadekeza. Mimi nakumbuka kwamba Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alikuwa akifupisha sala aliposikia mtoto analia nyuma. Kama sala ilimngoja mtoto, hesabu na nyimbo pia zinaweza kungoja juma moja.

Mwaka huu mwalimu mmoja alikuwa mpya. Yule wa zamani, anayeshika watoto wakubwa kidogo, tumemzoea. Huyu mpya alitoka upande wa Kabongo, msichana Mluba, Mkatoliki, aliyemaliza masomo ya ualimu juzi tu. Mashavu yake bado yalikuwa ya kitoto. Alipokula kwetu Jumamosi ile hakumaliza samaki wake, na mke wangu alipomuuliza kama hakupenda chumvi yake, alisema tumbo limejaa woga. Tulicheka, naye akacheka. Niliomba dua fupi juu ya mikono yao wote wawili, na yule wa zamani, ambaye hakosi misa, akaitikia amina kwa sauti kubwa kuliko mke wangu.

Jumatatu asubuhi vumbi jekundu lilikuwa tayari limepanda hadi madirishani, kwa sababu mvua zilikuwa hazijaanza. Akina mama walifika na watoto waliopakwa mafuta wakang'aa. Mkeka ukajaa. Kati ya wa mwisho alifika mwanaume mmoja akisukuma kinga, yaani baiskeli, na mbele, juu ya chuma chake, alikuwa ameketi mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, ameshika shati la baba yake kwa ngumi mbili.

Baba huyo alikuwa fundi wa kujenga. Alikuwa amenieleza shida yake wiki iliyotangulia alipokuja kumwandikisha. Mke wake anafanya biashara ya samaki, na wakati ule alikuwa ziwani, angerudi mwisho wa mwezi. Ndugu zake mwenyewe wako mbali. Yeye alikuwa amepata kazi nzuri ya kukarabati nyumba za familia za askari kule Base, kambi ya jeshi, akawa anakwenda na mtoto. Siku moja tofali lilianguka karibu na alipokuwa akicheza. Halikumgusa, Mungu ni mwema, lakini msimamizi wa kazi aliona. Akampa hadi mwisho wa juma la kwanza la shule atafute pa kumweka mtoto. Jumatatu itakayofuata aje peke yake, au asije kabisa. Kazi za namna ile hazipatikani kila siku hapa Kamina, na baba yule alinieleza bila kulalamika, akizungusha kofia mkononi.

Kwa hiyo nilikuwa nikimngoja. Nilimwona anaegemeza kinga ukutani, anambeba mtoto, anafika mlangoni, anatazama ndani. Kisha akageuka kama mtu aliyekanyaga moto. Alishusha kofia hadi puani, akarudi kinyumenyume, akazunguka kona ya nyumba, akatoweka na mtoto wake.

Mke wangu alikuwa jikoni nje, anakoroga uji wa watoto. Yeye ni mwanamke mwenye huruma nyingi na subira kidogo. Aliweka mwiko chini, akamfuata, na kabla sijainuka kutoka kwenye kiti changu akawa anamrudisha, amemshika mkono wa koti.

"Weye papa, unaogopa batoto badogo?" alikuwa akimwambia. "Ingia. Mukeka haina meno."

"Mama, niache. Tafazali. Siwezi kuingia mule."

"Banamuke bote bale banaingia, weye mwanaume unashindwa. Ingia."

Akamsukuma. Mwanaume mwenye heshima hapigani na mwanamke mzee, na alikuwa na mtoto mkononi, basi akaingia, akajikuta amesimama katikati ya mkeka, hatua moja kutoka kwa yule mwalimu mpya. Mwalimu aliinua macho. Alitoa sauti ndogo, akajifunika uso wote kwa kitambaa cha kichwa, akatoka mbio kwa mlango wa nyuma. Baba naye akatoka kwa mlango wa mbele. Watoto walioona mwalimu wao anakimbia walidhani kuna nyoka, wakaanza kulia mmoja baada ya mwingine, na akina mama wakainuka kutafuta nyoka.

Nilimkuta mwalimu nyuma ya jiko, amepiga magoti, uso ukutani. Nilimuuliza ni nini.

"Mzee, ule ni mukwe yangu," alisema. "Muke yake ni mutoto ya yaya yangu."

Hapo nikaelewa, na nikajua hata mimi nisingeweza kukisia. Dada yake mkubwa ndiye aliyemzaa mke wa yule fundi. Kwa Waluba, mdogo wa mama ni mama, hata akiwa ndiye kitinda mimba wa nyumba nzima. Basi msichana huyu, mdogo kwa fundi kwa miaka mingi, alikuwa mama mkwe wake kamili. Na mkwe hamtazami mama mkwe wake usoni, hakai naye mkeka mmoja, hali mbele yake, na wakikutana njiani mmoja huingia majanini. Walikuwa wameonana mara moja tu, kwa mbali, kwenye arusi. Nimezaliwa Kamina, nimeishi na desturi hiyo kama jirani maisha yangu yote, na ninaiheshimu. Ni adabu. Sisi pia tuna zetu.

Ipo njia ya kuilegeza, kwa zawadi na kikao cha wazee wa ukoo, lakini hiyo inahitaji mke awepo na mama yake mwenyewe aseme ndiyo, na wote walikuwa mbali. Juma lisingengoja.

Nilikwenda kwa baba. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya ukuta wa darasa, mtoto amelala kifuani pake anapiga kwikwi.

"Ule mwalimu njo mama-mukwe yangu, Mzee," alisema. "Nikikaa naye mule, ni kama nimemutukana. Na huyu mwana anakubali paka minyi, minyi peke yangu. Asipozoea, kazi iko naisha."

Mwalimu wa zamani, ambaye alikuwa amekwisha kuwatuliza watoto wote kwa kuwagawia uji mapema, alipendekeza amchukue mtoto katika darasa lake, ingawa watoto wake walikuwa wamejaa hadi mlangoni. Nilidhani mambo yamekwisha. Lakini yule mpya, macho bado mekundu, alikataa. Alisema mtoto yule ni mjukuu wake. Kama mjukuu wake mwenyewe anamkimbia siku ya kwanza, atawaitaje watoto wa watu wengine? Hakusema kwa ukali. Alisema akifunga tena kitambaa chake, kisha akarudi mkekani na kuanza wimbo.

Jumanne tulifanya hivi. Baba alimleta mtoto kwa mlango wa mbele wakati mwalimu yuko ndani ya chumba cha kuwekea vitu. Akamketisha mkekani chini ya dirisha la nyuma, akamwambia niko hapa nyuma, akatoka, akaketi chini ya dirisha hilo upande wa nje. Kisha mwalimu akaingia. Mtoto alikaa kidogo, akatoka mbio kuzunguka nyumba, akamwona baba yake, akarudi. Akatoka tena. Alikwenda na kurudi asubuhi nzima, kama mbuzi aliyefungwa kamba ndefu. Mwalimu alipomnyooshea mikono, alilia kwa sauti iliyofika sokoni.

Mimi nilikuwa mjumbe. Wakwe hawasemezani ana kwa ana, basi mwalimu alisimama dirishani akitazama upande mwingine na kuniambia mimi, kwa sauti ambayo hata muuza makaa barabarani aliisikia: "Mzee, umuulize mwanangu, mutoto ameshakula?" Nami niligeuka na kumwambia mwanaume aliyekuwa chini ya dirisha: "Anauliza kama mtoto amekula." Naye akanijibu mimi kwamba amekula muhogo na karanga, nami nikageuka kumwambia mwalimu, ambaye tayari alikuwa ameitikia kwa kichwa. Kumsikia msichana yule akimwita "mwanangu" mwanaume mwenye ndevu kulimfanya mke wangu aingie jikoni, na mabega yake yalitikisika muda mrefu.

Fundi hawezi kukaa mbele ya ukuta mbovu bila kuugusa. Ukuta ule wa nyuma ulikuwa umeliwa chini na mvua za mwaka jana, matofali yamelegea, na nilikuwa nimepanga kuutengeneza kabla mvua hazijarudi. Jumatano alikuja na mfuko wake wa vifaa. Hakuniuliza. Aliponda udongo, akaukoroga na maji, akaanza kutoa matofali yaliyolegea na kuyarudisha, akiyagonga kwa mpini wa mwiko wake wa ufundi. Ko, ko, ko.

Ndani, mtoto alikuwa amekwisha kuinuka kwenda kumtafuta. Aliposikia mlio ule alisimama. Akaweka kiganja ukutani. Akarudi akaketi, uso umeelekea ukutani, si kwa wenzake, lakini ameketi.

Nilikuwa mlangoni, na niliona jinsi mwalimu alivyoliona jambo hilo. Aliacha wimbo aliokuwa akiufundisha. Akawaambia watoto wote wanyamaze, wasikilize.

"Nani anagonga?" akauliza kwa kunong'ona.

Watoto walikisia. Mmoja alisema ni panya, mwingine akasema ni mvua, mwingine akasema ni Shetani, akatazamwa vibaya na mama yake aliyekuwa mlangoni. Yule mdogo chini ya dirisha hakuwa amesema neno tangu aje.

"Ni papa," akasema.

"Njo vile, ni papa," mwalimu alisema. "Tumujibu."

Akapiga viganja sakafuni mara tatu. Watoto wakapiga. Kutoka nje mlio ukarudi, mara tatu. Darasa likacheka kwa furaha, na mtoto yule akageuka kuwatazama wenzake kwa mara ya kwanza, kama mtu ambaye baba yake amewaburudisha wageni vizuri. Walipiga mara mbili, ukuta ukajibu mara mbili. Walipiga nyingi ovyo, ukuta ukajibu ovyo. Ndivyo walivyojifunza kuhesabu asubuhi ile, wengine hadi tano, wengine hadi popote.

Mke wangu alisimama kando yangu, mwiko wa uji mkononi.

"Angalia bakwe banasalimiana," aliniambia polepole. "Na hakuna mwenye kumuangalia mwenzake."

Alhamisi ilikuwa rahisi zaidi. Fundi alikuwa amefika mbali na dirisha, kwenye pembe ya nyumba, na sauti ilikuja kwa udhaifu. Mtoto alikula uji wake bila kushikwa mkono. Ijumaa sikuwa nao asubuhi yote, kwa kuwa nilikuwa na hotuba ya kuandaa, lakini nilipopita kabla ya kwenda msikitini ukuta ulikuwa umekwisha. Fundi alikuwa amekaa juu ya ndoo yake iliyopinduliwa, mikono magotini, bila cha kugonga. Ndani watoto walikuwa wakipiga sakafu kumwita. Aliweka kidole mdomoni kuniambia nisiseme. Walipiga tena. Hakujibu. Niliona jasho katika paji la uso wake kama mtu aliyebeba kitu kizito.

Tukasikia sauti ya mtoto wake ndani, anawaeleza wenzake: "Papa amechoka."

Kisha wakaendelea na mambo yao.

Nilidhani tumefika. Lakini Jumatatu ndiyo ilikuwa siku yenyewe, kwa sababu hadi Ijumaa baba alikuwa bado yupo nyuma ya ukuta, na Jumatatu angekuwa Base, mbali, asingeweza kurudi hata mtoto akilia hadi azimie. Jumapili niliomba kwa ajili yao zaidi ya nilivyoomba kwa ajili ya magoti yangu.

Alimleta mapema. Alimketisha chini ya dirisha, akamwambia anakwenda kazini, atarudi mchana. Akatoka. Nilisikia mlio wa mnyororo wa kinga yake ukipungua barabarani. Mwalimu akaingia.

Mtoto alingoja. Aligonga ukuta kwa ngumi yake. Akangoja. Akagonga tena, na mdomo ukaanza kuvutika pembeni. Mke wangu alinivuta mkono, akaniambia haraka niende nyuma na fimbo yangu nigonge, mtoto hatajua, ni mara moja tu. Wazo halikuwa baya machoni pangu. Nilikuwa nimekwisha kufika kwenye pembe ya nyumba na fimbo mkononi, mzee mwenye ndevu nyeupe niliyefundisha watu kusema kweli maisha yote. Mwalimu aliniona kwa dirisha. Alitikisa kichwa.

"Apana, Mzee," alisema. "Leo papa haiko kule. Tusimudanganye."

Nikashusha fimbo. Yeye alichutama mbele ya mtoto, akamwambia kwa maneno mafupi kwamba papa hayuko nyuma ya ukuta, papa amekwenda kujenga nyumba za watu, na mchana atakuja na kinga kumchukua. Akasema yeye ni nani: kwamba mama yake na mama wa mama yake wote ni watu wake, kwamba yeye ni nkambo yake, bibi yake. Mtoto alimtazama. Hakuna bibi aliyewahi kuonekana kijana namna ile, na nadhani hata mtoto alishangaa. Kisha akalia. Alilia kweli, kilio kirefu, na mwalimu hakumnyamazisha wala hakumshika kwa nguvu. Aliketi karibu naye, mkono umefunguliwa juu ya mkeka, akaendelea kuwaimbisha wengine. Ilichukua muda. Uji ulipoletwa, mtoto alikuwa ameegemea ule mkono. Baada ya uji alikuwa amelala juu ya mapaja ya nkambo wake, kidole mdomoni, na watoto wengine wawili walikuwa wakigombania nafasi iliyobaki.

Mchana fundi alirudi amejaa vumbi jeupe la saruji, anahema. Alikuwa ameendesha kwa haraka. Alisimama mbali, karibu na lango, mgongo umegeukia darasa, akaniuliza mimi kama mtoto alilia, na kama alibaki.

Mwalimu alikuwa dirishani, anakunja mkeka, uso umeelekea upande mwingine.

"Mzee, umuambie mwanangu," alisema, "alilia, akakula, akalala. Kesho amulete tena, aende ku kazi yake na roho mazuri."

Nilifungua mdomo kurudia. Lakini fundi alikuwa amekwisha kupiga magoti pale pale vumbini, mgongo bado umegeuka, akipiga makofi polepole kwa viganja vilivyokunjwa, kama Waluba wanavyomshukuru mtu mkubwa. Mtoto wake alitoka, akamkuta amepiga magoti, akapanda mgongoni mwake akidhani ni mchezo, na hivyo ndivyo walivyoondoka hadi kwenye kinga.